Mimi na Udongo wa Ngoro

Sisi tuliokulia milima ya Mbinga enzi za Mwingereza tulijua ngoro, kilimo chetu cha mashimo, kabla ya kujua kusoma. Baba alifyeka majani akayapanga miraba mteremkoni. Mama na mimi binti yake tukachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo. Pakabaki shimo la kushika maji, na pembeni matuta ya kupandia maharage. Tulikwenda shambani kwenye ukungu, kiporo cha viazi vitamu kikiwa kimefungwa kwenye pindo la nguo.

Mwaka niliotakiwa kwenda shule ya bweni kule ziwani, mama alijifungua. Baba akasema shule itabidi ingoje mwaka mwingine, maana shamba halina mchimbaji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikamwambia nitalichimba mwenyewe. Hakucheka, alininolea jembe.

Siku mbili za kwanza nilichimba huku nikihesabu. Kila shimo nililomaliza, niligeuka kutazama yaliyobaki. Viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tatu mama alikuja, kichanga mgongoni, akanitazama nikichimba.

“Mwanangu, unapigana na udongo,” akasema. “Wewe uko huku, udongo uko kule. Acha kujitazama. Chimba tu.”

Nilikasirika, lakini nikainama. Sijui ilianza lini. Jembe lilipanda, likashuka; udongo mweusi, baridi, ukageuka pamoja na pumzi yangu. Hapakuwa na mimi ninayechimba wala shamba linalochimbwa. Kulikuwa na kuchimba tu. Maumivu yalikuwepo, ila hayakuwa ya mtu. Mama aliponigusa bega nilishtuka: jua lilikuwa linazama, na nyuma yangu safu tatu zimekamilika.

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, hadi mraba wa mwisho. Baba alilizunguka shamba lote, kisha akasema, “Jumatatu tunashuka ziwani.”

Leo wajukuu zangu hupiga jembe mara tatu, wakatoa simu wajipige picha wakilima, kisha wakakaa kuitazama. Nawapenda, lakini nawahurumia: hawajawahi kuwa mahali walipo. Mimi mgongo hauinami tena. Nachambua mchele kwenye ungo, na mara nyingine mchele na vidole na mimi tunakuwa kitu kimoja, hata wakiniita siitiki. Wanadhani bibi yao amekuwa kiziwi.