Mkono wa Nta

Harufu ya nta ikiyeyuka hunitoa machozi kabla mwongozaji hajaniambia nilie. Mwaka juzi tulikuwa tukirekodi filamu Dar es Salaam, kijana wa vipodozi akabandika kisufuria chake cha nta jikoni ili anitengenezee kidonda cha shavuni. Nikaanza kububujikwa. Maskini, akadhani ameniunguza. "Samahani, Mama," akasema. Sikumwambia kwamba mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa Kibondo, nina miaka tisa.

Sikuuokota uigizaji barabarani. Babu yangu alikuwa akiitwa kwenye mavuno na harusi kuwaigiza watu. Inasemekana alimwigiza karani wa kodi hadi karani mwenyewe akacheka, kisha akamweka ndani siku mbili. Mama, aliyefariki nikiwa mdogo, aliimba. Baba yangu, Gwasa, aliwapita wote. Aliinua bega moja tu, nawe ukamwona jirani yako mzima mzima pamoja na kiburi chake.

Siku moja wakaja watu wa sinema kutafuta mtu wa kucheza mgonjwa wa ukoma. Filamu ilikuwa ya kuwafundisha watu waende hospitali mapema, maana ugonjwa unatibika. Walimrekodi Baba kule Kasulu, nami nikaenda naye. Vidonda alivitengeneza mwenyewe kwa nta ya nyuki wa kwetu Kibondo, unga wa muhogo, na mawese kidogo ya kuleta wekundu. Kazi ya kukoroga ilikuwa yangu, na nilikoroga nikijiona mkubwa kuliko watoto wote wa wilaya. Katika nusu ya kwanza Baba alikuwa mgonjwa, vidole vimeliwa. Katika nusu ya pili amepona, anasalimiana na watu wa kijijini kwake.

Miezi ikapita, gari la sinema likaja Kibondo. Shuka jeupe likatundikwa uwanjani, watu wakajaa. Baba alikaa mbele, kavaa shati la pasi. Alipotokea kwenye shuka na mikono ile, watu wakapiga mayowe, mwanamke mmoja akatapika. Kisha jenereta, ole wetu, ikazima katikati. Fundi akavuta kamba mpaka akalowa jasho, ikagoma. Asubuhi gari likaenda zake Kasulu na nusu ya pili ndani yake.

Mtasema, si walimjua kuwa ni mwigizaji? Walimjua sana. Lakini picha waliyoizoea wao ni ile ya ukutani, ya marehemu amekaa kwenye kiti: picha huonyesha kilichopo tu. "Gwasa kuigiza anajua," alisema jirani yetu, Mama Yohana, "lakini mashine nayo inaigiza? Mashine imeona."

Kwetu Buha salamu si kitu cha kurushiwa njiani. Watu husimama, wakapiga makofi ya taratibu, wakashikana mikono, wakaulizana habari za nyumba nzima hadi mbuzi. Wiki ile watu wakaanza kumpigia Baba makofi kutoka ng'ambo ya njia. Makofi yalikuwa yale yale, adabu ile ile. Mkono tu ndio haukuja. Kilabuni akatengewa kibuyu chake peke yake. Shuleni nami nikapewa dawati zima, nikajidanganya kwamba ni raha.

Mara tatu Baba alikwenda Kasulu kuomba gari lirudi na nusu iliyobaki. Akaambiwa asubiri. Aliposhindwa kusubiri, siku ya gulio alibeba jiko, sufuria na nta, akasimama katikati ya soko. "Tazameni," akasema, "nitavitengeneza vidonda vile mbele yenu, halafu nitavibandua."

Wenzangu, sijamwona fundi kama Baba siku ile. Alikwenda kidole baada ya kidole, bila haraka, na alivitengeneza vizuri mno. Alipoinua mkono ulikuwa umeoza kabisa, na watu wakarudi nyuma wakikanyaga nyanya za watu. Hakuna aliyengoja kuona vikibanduliwa.

Akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniona nimesimama na watoto wa darasani kwangu. "Njoo, mama," akasema. "Nipe mkono."

Nilijua ni nta. Nani ajue kama si mimi? Lakini wenzangu walikuwa wananitazama. Nikaficha mikono nyuma ya gauni, nikatikisa kichwa.

Baba akacheka kidogo, kile kicheko chake cha jukwaani, akavibandua vidonda kimoja kimoja na kuvitia sufuriani. Hakuigiza tena maisha yake yote. Aliishi miaka miwili, akilima, akila peke yake. Homa ya mapafu ikamchukua, na waliombeba kumpeleka kaburini walijifunga vitambaa viganjani.

Gari lilirudi mwaka uliofuata kifo chake. Safari hii jenereta haikugoma. Baba akatokea kwenye shuka amepona, akapiga makofi mbele ya mzee mmoja wa Kasulu, wakashikana mikono, naye akacheka kicheko chake cha nyumbani. Mama Yohana akalia kwa sauti, akisema tumemwonea mtu wa watu. Mimi sikulia. Nilikuwa nautazama mkono wa yule mzee.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba pale sokoni Baba aliniita nimsaidie kuwaonyesha watu, nami nikamharibia mchezo. Sasa nimezeeka katika kazi hiyo hiyo, na najua mwigizaji anavyosimama mbele ya watazamaji. Baba aliponiita alikuwa amewapa mgongo. Mchezo ulikuwa umekwisha. Tangu ile sinema hakuna aliyekuwa amemshika mkono, hata mimi, niliyekuwa nikimwekea sahani mkekani na kuondoka haraka. Aliomba mkono, basi, na mimi nilikuwa nayo miwili.