Mzee Desmond na Dhambi Isiyo Yake

Iko asubuhi moja ya Jumamosi ambayo bado inaniuma, mwanangu, ingawa nywele zangu zimeshakuwa nyeupe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Kisii juzijuzi, na kazi yangu ya kwanza hapa Texas ilikuwa kumtunza mzee mmoja Mwingereza huko Pearland, jina lake Desmond. Aliishi kwa binti yake, muuguzi wa hospitali ya Houston, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Nilimwogesha, nikamnyoa ndevu, nikampikia chai ya maziwa ambayo aliisifu kuliko ya kwao.

Siku moja nikimfunga vifungo vya shati, alinishika mkono akaniambia kwamba alimsukuma ndugu yake kwenye ngazi akafa, kisha akamwoa mjane wake. Machozi yalimtoka. Nilimalizia vifungo vilivyobaki bila kumtazama usoni.

Ningeweza kumuuliza binti yake jioni ileile. Sikumuuliza. Unatujua sisi Wakenya wa huku na maombi yetu ya simu: Jumamosi asubuhi kina mama kuanzia Houston hadi Plano tunapiga namba moja, kila mtu anatoa ombi lake. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Wapendwa, niko na prayer request. Huyu mzee wangu wa kazi, Desmond, ame-confess aliua ndugu yake. Tumbebe kwa maombi." Sitakudanganya, nilijiona mtakatifu. Watu walinisikiliza kuliko siku zote, basi nikaongeza na la mjane.

Kumbe mmoja wao alifanya kazi wadi moja na binti, naye akamfikishia. Jumatano binti alirudi mapema, akaniwekea kanda ya video kwenye televisheni bila kupaza sauti. Nikamwona Mzee Desmond, kijana mwenye masharubu, akimsukuma mwanamume kwenye ngazi. Alikuwa mwigizaji, na kwa miaka ishirini na miwili aliigiza mtu mbaya katika tamthilia iliyopendwa sana Uingereza. Aliyoniambia yalikuwa maneno ya kazi yake, ndiyo yaliyombakia mengine yakiondoka. Hakuwahi hata kuwa na ndugu.

Nikajitetea kwamba nilikuwa namwombea tu.

Binti akaniuliza, "Ulimwombea, au ulimsimulia?"

Mzee alikuwa ameketi palepale, na akili ilikuwa imemrudia kidogo. Akasimulia kwamba kwao bibi mmoja aliwahi kumpiga kwa mwavuli sokoni kwa sababu ya huyo ndugu wa kwenye tamthilia. "Yule sikumlaumu," akasema. "Alinijua kwa televisheni tu. Wewe unaniogesha."

Nililia, mwanangu. Nilingoja kufukuzwa, mdomo huponza kichwa, lakini binti alinitaka jambo moja tu: nirudi kwenye simu ileile nikaseme ukweli. Nilirudi, nikalitaja kosa langu bila kulifunika. Siku ya kwanza tulikuwa watu kama thelathini. Siku ya kuomba radhi tulikuwa tisa. Mwaka uliofuata tulipomzika mzee, mama mmoja wa maombi aliniinamia sikioni pale makaburini akaniuliza, "Ni huyu aliua ndugu yake?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo nakuusia, aibu ya mtu ikikufikia, muulize kwanza aliye karibu naye kama ni kweli. Ukitaka kumwombea, ingia chumbani, zima simu, mtaje mbele za Mungu peke yako; Yeye hahitaji mashahidi thelathini. Na usiuvike umbea kanzu ya maombi, kwa maana umbea ukivaa hivyo ndipo watu huuamini zaidi. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito, mwanangu. Na siku ukizeeka, maneno yakaanza kukuchanganyikia kinywani, akujalie mtunzaji anayejua kunyamaza.