Kidole cha Mama Hakisomi

Mama mdogo alipiga simu kutoka Lituhi akiwa amekasirika.

"Hebu niambie, mama yako ameanza lini kuniita 'mpendwa'?"

Alikuwa amepokea ujumbe kutoka namba ngeni: mpendwa dada, simu yangu imeharibika, nitumie hela huku. Alipojaribu kutuma, likatokea jina kamili la mama, hadi la ubatizo.

"Nikaghairi. Dada yangu hajawahi kuniomba kitu bila kunigombeza kwanza."

Nilikuwa nyumbani Ukata, nimemaliza chuo, nasubiri ajira na kubishana hata na utabiri wa mvua redioni. Nikachukua simu ya mama, nikahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zikaja mbili. Mama ana moja.

"Ulisajilia wapi?"

"Mnadani, kwa yule dada anayeuza laini chini ya mwamvuli. Nikaweka kidole, akasema hakijasoma, rudia. Nikarudia."

"Hukumuuliza kitu?"

"Nimuulize nini? Vidole hivi vimechuma kahawa tangu sijaolewa. Havisomi popote."

Ujanja ulikuwa hapohapo. Huku kwetu mkulima akiambiwa arudie kidole, anarudia, tena anaomba radhi. Mara ya kwanza mama alisajili laini yake. Mara ya pili, ya tapeli.

Hela hazikumsumbua mama. Alihofia jumuiya, anakoongoza sala. "Wakitapeliwa kwa jina langu, nitasimamaje mbele yao?" Jioni hiyo akapita nyumba kwa nyumba: "Mkiona nawaita wapendwa, si mimi."

Kesho yake tukateremka Mbinga mjini, tukaanzia polisi kutoa taarifa, kisha duka la kampuni ya simu kuifunga ile laini. Mhudumu akasogeza mashine.

"Weka kidole, mama." Akaweka. "Hakijasoma. Rudia."

Mama akaficha mkono ndani ya khanga. "Geuza hiyo kompyuta nione."

"Mama, haturuhusiwi…"

"Basi nami siruhusiwi kurudia."

Foleni nyuma yetu ikacheka. Mhudumu akageuza skrini: alama nyekundu. Safari hii kweli hakijasoma! Mama akafuta kidole kwa khanga, akakipaka mafuta kidogo, akabonyeza huku macho yameganda kwenye skrini. Kijani. Laini ikafungwa.

Nje akaniomba simu, akampigia mdogo wake.

"Wewe! Usipa niliokuagiza, dagaa wa huko ziwani kwenu, uko wapi? Au unangoja nikuite mpendwa?"

Nilimsikia mama mdogo akicheka hadi akakohoa. "Sasa huyo ndiye wewe, dada. Nautuma leo."