Ujira wa Kwanza wa Mwanangu

Mwaka 2017 binti yangu, akiwa na miaka saba, alichaguliwa kuonekana kwenye tangazo la sabuni. Kibali chake cha kazi kilipotoka, mimi na baba yake tuliitwa ofisini kwa wakala wa matangazo, Marshalltown, katikati ya jiji la ugenini tunakoishi, tukatie saini mkataba.

Kwetu Tanga, ujira wa kwanza wa mtoto huwekwa mkononi mwa mama. Mama huuombea dua, hutoa sadaka kidogo, kisha humrudishia mtoto uliobaki pamoja na radhi zake. Sadaka nilishapanga kuipeleka msikitini Mayfair, papo hapo jijini. Kumbe, kwa mujibu wa mkataba, hela yote ilikuwa inakwenda benki, kwenye akaunti ambayo hata mzazi haruhusiwi kuigusa mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane.

"Ni kwa ajili ya kumlinda mtoto, mama," akasema dada wa ofisini.

"Kumlinda na nani? Na mimi niliyemzaa?" Nilipaza sauti mpaka watu wa mapokezi wakageuka.

Mume wangu akanishika bega, akaninong'oneza, "Mama watoto, punguza hasira. Toa karatasi yako."

Nikaitoa pochini karatasi yangu ya asailam, kibali cha muda cha waomba hifadhi ambacho tunakipangia foleni kila kinapokaribia kuisha. Dada akanakili namba, akanirudishia. Nikaitazama tarehe ya mwisho, nikatia saini.

Hela ya mwanangu ilikuwa imepewa miaka kumi na moja ya kukaa nchi hii. Sisi wenye mtoto tulibakiwa na miezi mitatu.