Waliotolewa Kundini

Adventina ameshona sare za shule pale Pasiansi, Mwanza, kwa miaka kumi na tisa. Alitoka Muleba akiwa ameolewa na Nestory, fundi wa injini za mitumbwi, wakapanga vyumba viwili chini ya majabali, na cherehani ikakaa barazani ambako upepo wa ziwa unafika. Akikutazama mara moja tu, anajua kifua chako na kiuno chako bila futi. Ndiyo maana uvimbe ule ulimkasirisha kabla haujamtisha. Ulikuwa kwenye titi lake mwenyewe la kushoto, mdogo kama punje ya harage, na hakujua ulianza lini.

Hospitali ya rufaa walichukua kipande cha uvimbe wakakipime. Majibu yalipotoka, daktari alimweleza kwa utaratibu kwamba ni saratani, kwamba ataanza na dawa za dripu kisha upasuaji, na kwamba afike Jumatatu ya wiki inayofuata. Adventina alilisikia neno saratani. Mengine yalipita kama redio ya jirani. Alijibu, "Sawa daktari," akapokea karatasi, akatoka.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Asubuhi iliyofuata aliigeuza na kuigeuza pale barazani. Binti yake Annet angeweza kumsomea, lakini Annet alikuwa chuoni Dodoma katikati ya mitihani, na mama hakutaka kumvuruga. Akachukua simu, akaandika kilichokuwa moyoni: saratani ya titi inapona bila kukatwa.

Simu ilimletea alichoomba. Juu kabisa palikuwa na ukurasa wenye jani la kijani na maandishi makubwa: UKIKATWA, INASAMBAA. Habari za madaktari zilikuwepo pia, mbali huko chini, nyingi kwa Kiingereza, zenye maneno marefu kuliko yale ya karatasi. Ukurasa wa jani uliongea kama dada yake wa kuzaliwa. Usiogope, mwanamke mwenzangu. Uvimbe ni uchafu wa damu, na uchafu unaoshwa.

Palikuwa na namba. Kabla ya adhuhuri Adventina alikuwa ameingizwa kwenye kundi la wasap lenye watu themanini na wawili. Mwenye kundi alijiita Tabibu. Sura yake hakuna aliyeijua. Picha yake ilikuwa lile jani. Sheria zake zilikuwa mbili: hospitali haizungumzwi humu, na habari za huzuni haziletwi humu, kwa sababu huzuni inalisha ugonjwa.

Jumatatu ilifika. Nestory alikuwa ameshavaa viatu.

"Baba Annet, siendi," Adventina alisema. "Kuna dawa nimeipata. Watu wanapona."

"Watu gani?"

Akampa simu. Nestory alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. "Wanasema wanapona," alisema mwishowe. "Mimi simjui hata mmoja." Hakuwa mtu wa kubishana na mkewe kuhusu mwili wake. Akavua viatu.

Baada ya siku chache Adventina alikuwa na mmoja anayemjua. Aliitwa Paskazia, mwuza vitenge wa Sengerema, mgonjwa wa titi kama yeye, na alimwandikia pembeni kumkaribisha. Walitumiana sauti, mmoja akishona, mwingine akisubiri wateja. Paskazia alikuwa na kicheko kinachoanzia tumboni. Aliwahi kutuma picha kundini, amesimama mlangoni kwake na gauni la njano, mashavu yamejaa, kabla ugonjwa haujamla. Walikuwa wakinywa unga uleule wa mizizi wa Tabibu, mchungu mpaka kwenye meno, na kila asubuhi waliulizana.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, dada. Wewe je?"

Wiki ya tano sauti ya Paskazia ilianza kukatika katikati ya maneno. Mgongo unamuuma, alisema. Kisha kidonda kikafumuka. Kina harufu, alisema, na amehamia kulala stoo ili wanawe wapumue. Aliuliza kundini kama hiyo ni kawaida. Tabibu alijibu palepale: sumu inatoka, mama, ongeza dozi. Watu wengi wakaweka vile vimikono vya kupiga makofi.

Adventina hakuuliza kitu. Uvimbe wake ulikuwa umefikia yai la kuku, na ngozi juu yake ilianza kuvutika, kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi uliokazwa mno. Aliongeza dozi na yeye.

Asubuhi moja aliuliza, "Umekunywa?" na hakujibiwa. Siku ya nne ukatokea mstari mdogo wa kijivu katikati ya mazungumzo ya kundi: Tabibu amemwondoa mtu. Namba ilikuwa ya Paskazia. Salamu za asubuhi ziliendelea chini yake kana kwamba hakuna lililotokea.

"Paskazia yuko wapi?" Adventina aliandika. Ujumbe ulifutwa. Akaandika tena. Ukafutwa.

Akasimamisha cherehani, akaanza kurudi nyuma kwenye mazungumzo, wiki hadi wiki. Mistari ya kijivu ilikuwa mingi. Kulikuwa na mama wa Bunda aliyetuma zaburi kila Jumapili. Kulikuwa na mzee wa Ukerewe mwenye saratani ya koo, ambaye ujumbe wake wa mwisho ulikuwa sauti ya sekunde nane, na ndani yake hamkuwa na neno, ni pumzi tu. Kila mmoja alilalamikia maumivu, akaambiwa aongeze, akanyamaza, akaondolewa. Na kila alipotoka mtu, baada ya siku mbili aliingizwa mwingine akisalimia kwa furaha. Ndiyo maana hakuwahi kuona kundi likipungua.

Akapiga namba ya Paskazia. Alipokea mwanaume.

"Mimi ni Luhende, kaka yake. Wewe nani?"

"Adventina, wa Mwanza. Tulikuwa tunaugua pamoja."

"Tumemzika Jumanne, dada."

"Pole sana," Adventina alisema, kisha, "Yule wa dawa anajua?"

"Nilimpigia mwenyewe. Akasema pole. Halafu akauliza kama unga umebaki, tumpe mgonjwa wa jirani."

Baada ya simu ile Adventina aliufungua ukurasa wa jani, akitafuta jina halisi la Tabibu. Hakulipata. Alichokikuta pale juu kabisa, kimewekwa siku hiyohiyo, kilikuwa gauni la njano. Paskazia alisimama mlangoni kwake, mashavu yamejaa, na juu ya kichwa chake pameandikwa: AMEPONA KABISA, WIKI SITA TU.

Nestory aliitwa, akaja na mikono yenye oili. "Ni nani huyu?"

"Ni yule niliyekuwa namjua," Adventina alisema. "Nipeleke hospitali."

Muuguzi aliyewapokea, dada mmoja aitwaye Dorcas, alimwamkia kwanza. "Shikamoo mama." Kisha akatafuta faili. "Wiki tisa zimepita." Adventina aliinamisha kichwa akisubiri kugombezwa. Dorcas aliomba kuiona simu.

"Wewe ni wa tatu mwezi huu kuja na jani hili," alisema.

"Wale wawili wako wapi?"

Dorcas alifunga faili. "Mmoja yuko wodini." Wa pili hakumtaja. Akaichukua ile karatasi ya Kiingereza, iliyokuwa imechakaa kwenye mikunjo, akamsomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili: aina ya saratani, ilikuwa imefika wapi siku ile, na kwamba dawa zake zipo. Ilichukua muda mfupi kuliko kushona kola. Adventina alilia hapo kwa mara ya kwanza.

Vipimo vipya vilionyesha ugonjwa umeingia kwapani. Kwenye ini kulikuwa na doa dogo. Daktari alisema watalitazama tena baada ya dripu ya nne, na hakuahidi zaidi ya hapo.

Kabla ya kujitoa kundini, Adventina alinakili namba zote kwenye daftari la vipimo vya sare. Sasa anazipiga, chache kila siku anapopata nguvu. Wengine humtukana. Nyingine hupokewa na ndugu, naye huwa anajua kabla hawajasema. Wanawake wawili wamekuja hospitali. Ule ukurasa Annet aliuripoti kwa wenye mtandao mpaka ukafungwa. Wiki haikuisha ukarudi, na jani jingine.

Kija wa Magu, mmoja wa waliomo kwenye daftari, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, dada," alisema. "Ila uvimbe wangu umelainika kidogo. Ngoja nimalize dozi hii. Zimebaki wiki mbili."

"Kija, mgongo unakuuma?"

Kija alijibu kwa sauti ndogo, "Kidogo."

Siku kumi baadaye, dripu ya tatu ikishuka mkononi, Adventina alimpigia tena. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena.