Nilipojificha Kwenye Handaki la Mchanga

Jambo hili sijawahi kulisimulia mwanzo hadi mwisho. Huwa nalikata katikati, pale ambapo watu bado wanacheka, kisha nabadilisha mazungumzo. Lakini leo nitalimaliza, na mkishanisikia nidharauni tu, mimi mwenyewe nilishaanza zamani.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Lushoto, na kwa miaka miwili nilikuwa mwanachama wa kikundi cha gofu. (Najua. Mwalimu na gofu wapi na wapi.) Kwanza muuelewe uwanja wenyewe, msije mkafikiria yale majani ya kwenye televisheni: ni kiwanja cha zamani kilichoachwa na Wazungu wa shamba moja, yamebaki mashimo sita tu, mbuzi ndio wanaopunguza majani, na katikati kinapita kinjia cha watu wanaokwenda vijiji vya upande wa pili wa mlima. Tulikuwa wanachama kumi na mmoja na mifuko miwili ya fimbo, kwa hiyo ukishapiga unamkimbizia mwenzio fimbo apige na yeye. Mwenyekiti wetu, Bwana Mhina, mfamasia aliyehamia kutoka Tanga mjini, alitushonea fulana za njano zenye kola, na mimi nikajinunulia glovu nyeupe ya mkono mmoja, ambayo nilikuwa naifua mwenyewe isije ikachanganywa na nguo nyingine.

Masika hayo tukapanga siku yetu kubwa. Wageni wanne wanaocheza gofu huko Tanga wangepanda mlimani Jumamosi kushindana na sisi. Miaka yote miwili nilikuwa mchezaji wa akiba, yaani mshika fimbo na mtafuta mipira vichakani, na hii ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuandikwa kwenye karatasi ya wachezaji.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo akafariki Mama Mkubwa Raheli. Huyu ndiye aliyemlea mke wangu, Naomi, tangu mama yake mzazi alipofariki Naomi akiwa na miaka mitatu, na ndiye aliyenitetea siku za posa, wakati Zakayo, kaka yake Naomi, alipokuwa hataki hata kuniona. Nilimpenda yule mama, naomba mlijue hilo ingawa halitanisaidia. Maziko yakapangwa Jumapili, nikampeleka Naomi msibani, nikarudi kazini, na moyoni (nasema ukweli mtupu) nikashukuru kwamba si Jumamosi.

Ijumaa jioni Naomi akapiga simu. "Baba Elia, wamebadilisha. Mchungaji ana safari Jumapili, tunazika kesho saa nane. Wanaume wanachimba asubuhi, kaka Zakayo anauliza utafika saa ngapi."

Nikamwambia, "Nimeitwa semina Tanga. Wamenijulisha sasa hivi."

Sikuwa nimeupanga uongo ule, haki ya Mungu, ulitoka wenyewe, na kabla sijaukamata ulikuwa umeshafika. "Huwezi kuwaambia una msiba?" akauliza. "Nimewaambia, wamekataa." (Huo ni uongo wa pili, na dakika haijaisha.) "Basi uende salama," akasema. "Nitawaeleza." Na alikuwa amechoka, nilisikia sauti imemkauka kwa kulia, nami nikakata simu nikaenda kutafuta glovu yangu.

Nilipiga hesabu usiku ule kama mtaalamu. Barabara ya kwenda ukweni inazunguka mlima, haikaribii kiwanja hata kidogo, kwa hiyo wao wangekuwa wanazika upande ule na mimi nacheza upande huu, na jioni ningetokea msibani na begi, nimechoka, natoka safari. Asubuhi nikamtumia ujumbe: "Nimefika Tanga salama, joto kali mno." Nilikuwa nimesimama kwenye ukungu natetemeka, meno yanagongana. Kisha nikazima simu ili nisipigiwe zikasikika sauti za kiwanjani, na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa imeangusha udongo barabarani, gari haliwezi kupita, na kila mtu aliyekuwa na simu hewani asubuhi ile alikuwa anajua kwamba jeneza kutoka hospitali litateremshwa kwenye geti la kiwanja cha gofu, wafiwa washuke kulipokea hapo, na kubebwa kwa mabega kupitia kile kinjia. Kila mtu isipokuwa mwalimu wa jiografia.

Tulianza vizuri. Nilikuwa kundi moja na Bwana Mhina na wageni wawili, mzee mmoja mstaafu wa bandari na mama mmoja mcheshi aliyekuwa akinisifia jinsi ninavyosimama. Mashimo mawili nikaenda nao sawa sawa. Shimo la tatu mpira wangu ukaingia kwenye handaki la mchanga, lile la kukwamisha mipira, ambalo zamani lilikuwa dogo lakini mvua imelichimba mpaka linamfika mtu kiunoni, nikateremka humo na fimbo, na nilikuwa nimeshajipanga kupiga niliposikia watu wanaimba.

Nilijua kabla sijainua kichwa. Kwaya ya usharika wao naifahamu, kuna mama mmoja sauti yake huwa inatangulia ya wenzake. Nikachungulia, nikaona msalaba mbele, nyuma yake jeneza, na kati ya wabebaji, kulia kabisa, Zakayo, matope mpaka magotini kwa kuchimba kaburi tangu alfajiri.

Sasa hapa mtu mwenye akili angetoka. Ningetoka pale pale, nikasema semina imeahirishwa, nikasema lolote, ningegombezwa na yangeisha. Mimi nililala. Nililala kifudifudi kwenye mchanga uliolowa, fulana ya njano na glovu nyeupe, nikasema watapita.

Hawakupita. Wabebaji walikuwa wametoka mbali na kilima kilikuwa mbele yao, wakasema wapumzike, na jeneza wakaliweka juu ya benchi letu la wachezaji, ambalo liko hatua sita, labda saba, kutoka kwenye handaki. Nilikuwa nasikia mpaka pumzi zao. Nilisikia Bwana Mhina akitoa pole, na wale wageni wakiuliza marehemu ni nani, wakajibiwa. Kisha nikamsikia Zakayo, karibu kabisa na ukingo, akiongea kwa sauti ya chini.

"Huyu mgosi wako, Naomi, mume gani huyu. Hata jembe hakuja kushika."

"Kaka, ameitwa na wakubwa wake kazini. Angefanyaje?"

"Wakubwa gani wanaomzuia mtu kumzika mkwewe?"

"Alinipigia usiku analia," Naomi akasema. "Analia kama mtoto. Mama Mkubwa alikuwa mama yake pia, kaka, usimseme hivyo leo."

Sikuwa nimelia, wala sikuwa nimempigia. Hilo aliliongeza yeye. Mke wangu, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya viazi, alichukua uongo wangu uliokuwa unavuja na kuuziba kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jeneza la mwanamke aliyemlea, ili nduguze wasinifikirie vibaya. Niliuma mchanga. Sisemi kwa mfano, niliuma mchanga kweli, ili nisitoe sauti.

Zakayo akaguna, akasema, "Haya. Ukisema wewe, nimekubali."

Na pengine ingeishia hapo. Wangenyanyua jeneza wakaenda, na mimi ningeishi na siri yangu. Lakini huku kwetu, na nadhani hata Tanga, jeneza likikukuta njiani unaweka chini ulicho nacho, unakwenda kumgusa bega mmoja wa wabebaji, naye anakupisha ubebe hata hatua kumi. Bwana Mhina ni mtu mstaarabu. Alishavua kofia, akawapanga wanachama na wageni wapokee, akahesabu watu wake, akaona mmoja hayupo. Hakumfahamu mke wangu, hakujua msiba ni wa nani kwangu. Yeye alijua tu kwamba Mwalimu kaingia handakini kutafuta mpira.

"Mwalimu Hoza!" akaita, tena kwa upole. "Mwalimu Hoza, acha huo mpira, njoo tuwasaidie hawa wenzetu. Tutautafuta baadaye."

Nikabaki nimelala. Akasogea ukingoni, akainama. "Mwalimu! Umeanguka? Jamani, njooni, Mwalimu ameanguka!"

Wakaja. Walikuja kunisaidia, wanaume wanne wa msibani pamoja na yule mama mcheshi, na nikainuka mwenyewe kabla hawajanishika, mchanga kifuani, mchanga mdomoni, fimbo mkononi. Kwaya ikakatika. Nilimtazama Zakayo kwa sababu nilimwogopa, na kumbe siye niliyetakiwa kumwogopa. Naomi alikuwa amesimama kando ya benchi, kiganja chake juu ya jeneza. Hakupiga kelele. Alinitazama uso, akaitazama glovu, akaitazama glovu muda mrefu, kisha akageuka akamwambia mwinjilisti aliyeshika msalaba, "Twendeni, mvua inakuja."

Jeneza likanyanyuliwa. Nikatupa fimbo nikakimbia mbele, nikamgusa bega mbebaji wa kwanza, binamu yao. Hakunipisha. Nikazunguka upande wa pili, nikamgusa mwingine. Akatazama mbele kama aliyeguswa na jani. Bwana Mhina aligusa akapishwa, yule mzee wa bandari alipishwa, watu ambao hawakuwahi kumwona marehemu walimbeba, na mimi niliyekula ugali wake miaka tisa nilitembea pembeni, mikono mitupu, kilima chote mpaka juu.

Kaburini nikasimama nyuma. Mshereheshaji wa msiba, ambaye alikuwa na karatasi yake na hakuwepo kule kiwanjani, akaita familia moja moja kuweka mashada. Akafika kwetu: "Mwalimu Hoza na mkewe Naomi." Nikapiga hatua. Watu wakanifungulia njia, na nilikuwa nimeshafika hatua tatu kutoka kaburini Naomi alipoinuka pale walipokaa wanawake.

"Naweka peke yangu," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mume wangu yuko Tanga."

Mshereheshaji akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaitazama karatasi. Mtu mmoja nyuma alicheka puani, mwingine akamnyamazisha. Naomi akapita mbele yangu, khanga yake ikanigusa mkono, akaweka shada, akapiga goti, akarudi kukaa. Nami nikabaki nimesimama katikati ya watu mia mbili, sipo.

Mnataka kujua kilichofuata? Hakuna. Sikufukuzwa, hakuna kikao kilichoitishwa, Naomi alirudi nyumbani siku ya tatu akapika na kunitengea. Nilimwomba radhi kwa maneno yote ninayoyajua, akasema nimesikia. Ukweni nilikwenda nikapiga magoti mbele ya Zakayo, naye akaniambia niinuke, nitachafua suruali. Gofu niliiacha siku ile ile, na tangu hapo nimeshachimba makaburi mengi, Mgwashi nimekwenda, Bungu nimekwenda, ninafika wa kwanza na jembe langu, hata kwa watu nisiowafahamu, mpaka wengine wananiuliza ni ndugu wa nani. Nimeapa kwamba simu ya msiba ikija nitajibu neno moja tu, nakuja, na mpaka leo sijalivunja.

Lakini juzi Zakayo alimpigia Naomi, kuna mzee wa ukoo wao amefariki Bumbuli. Nilikuwa nimekaa jikoni, karibu yake kiasi cha kuisikia sauti ya simu. Zakayo akamuuliza kama mume wake atakuja kuchimba. Mimi nikaanza kuitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, nakuja, mwambie nakuja. Naomi alikuwa ananiona, ananitazama kabisa.

"Sijui, kaka," akasema. "Mpigie mwenyewe umuulize."