Nyimbo za Mgebuka Stars Ambazo Hakuna Anayezipiga

Watu wengi tuliokulia Bangwe, kando ya ziwa, tukiulizwa harufu ya utoto wetu tutataja dagaa waliotandazwa mchangani. Mimi nitataja dagaa hao hao, lakini wakiwa wamechanganyika na harufu ya waya unaoungua. Nyuma ya nyumba yetu aliishi Gaspari, fundi wa mashine za boti, na uani kwake kulikuwa na kipaza sauti alichokiunda mwenyewe kwa vipande vya redio mbovu. Kila jioni alikiwasha ili apige gitaa la umeme, na kila jioni kilitoa moshi. Sisi watoto tulikuwa tukigeuza dagaa, jua la kiangazi limetuchoma mpaka masikioni, na tukisikia lile gitaa likikoroma tulijua mazoezi yameanza. Baada ya hapo ngoma zilianza kukimbia, kwa mwendo ambao hatukuwahi kuusikia kwenye harusi wala kwenye sherehe za shule. Halafu ikaingia sauti ya mama mdogo Tausi, na mikono yetu ikasimama. Mama alikuwa akitupigia kelele kutoka jikoni, "Dagaa hawajigeuzi wenyewe!" lakini naye nilimwona mara nyingi akisonga ugali kwa kufuata ile ngoma.

Mama mdogo Tausi alikuwa mdogo wake mama wa mwisho. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule na alikaa kwetu akisubiri kuolewa, au ndivyo walivyodhani wakubwa. Yeye alikuwa akitunga nyimbo. Miaka ile ya themanini mji mzima ulikuwa wa rumba. Rumba ilivuka ziwa kutoka Zaire pamoja na vitenge, ikashuka bandarini na kupanda hadi mtaa wa Mwanga, na bendi iliyojiheshimu ilipiga rumba. Gaspari hakuitaka. Usiku alikuwa akitega redio ya mawimbi mafupi na kusikiliza magitaa ya mbali, ya Ulaya na Marekani, yale ya haraka na yenye hasira kidogo, na asubuhi aliyaweka kwenye maneno ya Tausi. Bendi yao waliiita Mgebuka Stars, jina la samaki wetu wa kila siku, na watu walicheka sana. "Mtakaangwa saa ngapi?" waliwauliza barabarani. Tausi alijibu, "Mkishanunua mafuta," kisha akaendelea na safari yake.

Nyimbo zao zilikuwa nyingi, ila tatu ndizo ninazoweza kuapa kwamba zilistahili kuishi. Moja ilikuwa juu ya taa za karabai za wavuvi, polepole, gitaa likidondosha sauti moja moja mpaka unaziona taa zenyewe zikiwaka majini. Nyingine ilikuwa juu ya vumbi la njia ya Mwandiga, yenye ngoma nzito, na ndani yake Tausi alikuwa akikohoa kwa makusudi kila mwisho wa ubeti. Ya tatu, ambayo ndiyo niliipenda kuliko zote, ilikuwa ya msichana anayemwambia mwanamume wa mjini asihangaike kumpokea meli itakapofika: "Usinisubiri gatini, nitashukia njiani." Aliyewahi kusafiri kwa meli ziwani kwetu anaelewa mara moja. Meli inasimama katikati ya maji, mitumbwi inatoka kijijini kuja kuchukua watu wake, na msichana anaweza kweli kushuka kabla ya mji, huku bwana amesimama gatini na shati lake la kupiga pasi.

Kiangazi kimoja walipata nafasi ya kupiga kwenye bugi, dansi la Jumapili mchana, ukumbini Mwanga. Watoto tuliruhusiwa kuingia, na nilikaa mbele kabisa. Walianza na wimbo wa karabai na watu wakaendelea kuongea. Wakapiga ule wa vumbi, mtu akapiga mluzi, na nyuma ukumbini wakaanza kuimba kwa pamoja, "Rumba! Rumba!" Mwanamume mmoja mwenye suruali pana ya bwanga alipanda hadi jukwaani akamwambia Gaspari, "Fundi, tupigie kitu kinachoeleweka." Gaspari aliangalia nyaya zake. Tausi alichukua kipaza sauti akasema, kwa utulivu kama anayeagiza chumvi dukani, "Rumba mtaipata kesho na keshokutwa. Huu mtausikia wapi?" Akamgeukia Gaspari, "Tuanze?" Gaspari akakubali kwa Kiha chake, "Ego." Wakaupiga ule wa gatini. Kufika kiitikio cha pili wasichana wauza samaki walikuwa wamesimama wote, wakimnyooshea vidole yule bwana wa bwanga na kumwimbia usoni kwamba asiwasubiri. Naye akacheka, akacheza. Wiki ile Bangwe nzima iliimba wimbo huo: kisimani, mwaloni boti zinapotia nanga, na hata chuoni kwetu Ujiji, tulikosoma Kurani, mwalimu alituchapa kwa ajili yake.

Ingeishia hapo, ningekuwa na kumbukumbu tamu tu. Lakini waliamua kurekodi. Mjini palikuwa na Kasimu, muuza kanda mwenye mashine ya kunakilia kaseti, na chumba cha nyuma cha duka lake kilikuwa studio pekee waliyoweza kuifikia. Alitundika magodoro ukutani, wakapiga kutwa nzima, na jioni Tausi akarudi nyumbani na kaseti moja mkononi, akaiinua kumwonyesha mama kama mtu aliyejifungua. Kaseti nyingine alimwachia Kasimu azisambaze. Mvua za kwanza zilipoanza alinichukua kwenda naye dukani. Rafu iliyokuwa na kaseti zao ilikuwa imejaa picha za wanamuziki wa Zaire.

"Za kwetu ziko wapi?" Tausi aliuliza.

"Dada Tausi, zilikaa mpaka zinaota ukungu," Kasimu alisema. "Watu wanataka rumba."

"Umezifuta?"

"Nimezitumia," alijibu. Mpaka leo silisamehe neno lile. Alikuwa amerekodi rumba juu ya sauti ya mama yangu mdogo, na bado alisema kwa adabu, bila aibu yoyote.

Tausi hakulia wala hakugomba. Alinishika mkono tukarudi kwa miguu, na njiani aliniuliza habari za shule. Mwaka uliofuata aliolewa Ilagala. Gaspari alihamia ng'ambo ya ziwa kutafuta kazi na akafia huko. Ikabaki ile kaseti moja, ambayo mama aliihifadhi kabatini ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hata hiyo haikupona. Siku ya harusi ya dada yangu mkubwa ilikosekana kaseti tupu. Mjomba mmoja akaiona ile, akaziba vitundu vyake vya pembeni, vinavyozuia kurekodi juu yake, kwa karatasi aliyoitafuna, akarekodi harusi. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu sina wa kumkasirikia. Harusi iliisha kabla ya mkanda. Ukivumilia vigelegele, dua na kelele za masufuria, mwishoni kuna mlio mdogo wa kitufe, kisha ghafla gitaa la Gaspari linaibuka katikati ya wimbo wa gatini. Tausi anaimba kiitikio, anakirudia, ngoma zinakimbia, na mkanda unakwisha.

Kipande hicho nilikihamishia kwenye simu, nikakipeleka kwenye redio moja ya hapa mjini yenye kipindi cha zilipendwa. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye heshima. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho huku kichwa kikitikisika.

"Mkali, mama," alisema. "Tatizo haujulikani. Wasikilizaji wanataka zile wanazozijua."

"Haujulikani kwa sababu hamuupigi," nikamwambia. "Na hamuupigi kwa sababu haujulikani. Sasa utajulikanaje?"

Alicheka, akaniomba nimletee wimbo mzima. Jumapili hiyo nilifungulia kipindi chake. Alipiga zile zile za Jumapili iliyotangulia, kwa mpangilio karibu ule ule. Zilipendwa! Zilipendwa na nani? Wasichana wa samaki waliosimama pale Mwanga hawakupenda? Leo mwanangu ana simu yenye nyimbo za dunia nzima, anagusa kioo na chochote cha miaka ya themanini kinaimba, hata bendi za miji ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani. Bendi iliyopigia nyuma ya nyumba ya bibi yake haimo.

Nikaona nipate basi wimbo mzima kutoka kwa mwenyewe. Nilimpigia mama mdogo Ilagala mchana mmoja, nikamsikilizisha kile kipande. Akasema, "Gaspari huyo. Alikuwa anaharakisha." Nikamwomba aniimbie beti, nimrekodi. Akakohoa, akaanza. Sauti imekuwa nzito na imepungua pumzi, lakini ubeti wa kwanza ulitoka wote. Wa pili aliuanza, akakwama. Akaurudia tangu mwanzo, akakwama pale pale.

"Unasemaje pale?" aliniuliza.

"Sijui, mama mdogo. Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi niliuacha kwenu," alisema, na nilisikia kwamba hakuwa anatania. "Si mlikuwa mnauimba Bangwe nzima?"

Baadaye kidogo alianza tena, akiimba sauti tupu mahali pa maneno, na mimi nikamfuata. Tukaumaliza hivyo, mimi nikiwa mjini na yeye Ilagala, ubeti mzima bila neno hata moja.